Jikoni Wiki Hii: Kamba wa Barafu Wafika Bwera

Askari aendaye likizo huwaza mambo mawili: siku ya kuondoka kambini, na zawadi ya kupeleka nyumbani. Zamani zawadi ilikuwa kanga, sukari au mkate wa mjini. Lakini tangu vikosi vya Uganda vilipoanza kupelekwa Somalia mnamo mwezi wa Machi, mwaka 2007, wamekuwapo wana wa milima ya Rwenzori walioshika zamu kando ya Bahari ya Hindi, na si ajabu kwamba baadhi yao hurudi na hamu ya chakula ambacho mama zao hawakupata kukiona. Chakula chenyewe ni kamba. Si kamba ya kufungia mbuzi, bali ni yule mnyama wa maji ya chumvi mwenye gamba jepesi, ndevu ndefu na mkia uliopinda, ambaye watu wa Bagamoyo, Mafia, Malindi na Lamu humjua kama watu wa Kasese wamjuavyo ngege.

Kisa cha sajini mmoja wa Bwera chatosha kuwa mfano. Alikuwa amepewa likizo ya siku kumi. Alipopita Kampala alinunua pakiti mbili za kamba wa barafu, kila moja kilo moja, kwa fedha ambazo zingempatia ngege wakubwa wa kutosha wiki nzima. Pakiti moja aliizungushia sweta lake na kuiweka katikati ya begi; ya pili aliitia katika mfuko wa plastiki, akaipakata. Akapanda basi alfajiri. Kutoka Kampala hadi Kasese ni zaidi ya kilomita 350, na kutoka Kasese hadi Bwera ziko nyingine hamsini hivi, kwa barabara ishukayo mpaka Kikorongo, karibu na mstari wa ikweta, kisha ikakata kona kuelekea mpaka wa Kongo. Mji wa Kasese umekaa bondeni, chini ya milima yenye theluji. Lakini theluji ile ni ya kutazamwa tu kwa mbali, haimpunguzii joto mtu aliye ndani ya basi saa nane mchana. Siku hiyo ya Ijumaa, saa kumi za jioni, sajini alishuka Bwera huku mfuko ukidondosha maji njia nzima mpaka mlangoni.

Nyumbani walikuwapo mkewe, watoto watatu, na mama yake mzazi ambaye ni Msabato, kama walivyo wengi katika wilaya ya Kasese. Umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi. Katika sehemu zile jua hutua karibu saa moja, na likishatua Ijumaa, Sabato imeingia. Chakula cha Jumamosi hakina budi kuwa tayari na moto wa kupikia uwe umezimwa. Kwa hiyo mama wa nyumba alikuwa na saa tatu tu za kuamua na kupika kitu ambacho hajapata kukipika maishani.

"Baba watoto, hawa ni wadudu gani?" aliuliza.

"Ni kamba. Usiogope, mama watoto. Pwani ni chakula cha heshima."

Jirani mmoja, mke wa polisi, alitoa shauri kwa nia njema: "Wapeleke pale dukani kwa muuza soda. Umeme ukirudi, friza yake itawagandisha tena. Mtawala Jumapili pamoja na wageni."

Shauri hilo hutolewa kila mahali penye friza, na ndilo lenye hatari. Barafu haiui vijidudu vya ugonjwa. Huvilaza usingizi tu. Nyama ikipata joto, vijidudu huamka na kuzaana, na baadhi yake vyaweza kuongezeka mara mbili katika kila dakika ishirini. Friza ya dukani iliyojaa soda huchukua saa nyingi kuigandisha kilo moja ya nyama laini, na muda wote huo kazi ya kuoza inaendelea katikati ya pakiti. Zaidi ya hayo, viko vijidudu ambavyo huacha sumu isiyoondolewa na moto. Ndiyo sababu si kweli kwamba kila kilichochomwa vizuri ni salama. Kanuni ya wapishi ni kwamba nyama au samaki asikae nje ya baridi zaidi ya saa mbili. Na joto likipita nyuzi 32, muda huo ni saa moja tu.

Mama wa nyumba hakwenda dukani. Alifungua pakiti zote mbili, akamwaga kamba katika beseni safi, akawapapasa mmoja mmoja. Ile pakiti iliyokuwa ndani ya sweta ilikuwa bado ngumu kama jiwe, na baridi yake iliuma vidole. Hiyo ilikuwa salama. Hata kugandishwa tena ingeweza, ila nyama yake ingelegea na kujaa maji. Ile iliyopakatwa ilikuwa mchanganyiko: wa katikati walikuwa na chembe za barafu, wa pembeni walikuwa laini, vuguvugu, na wengine walitoa harufu kali kama ya mkojo wa farasi. Wenye barafu aliwaweka pamoja na wale wa pakiti ya kwanza, akawafunika katika sufuria kivulini. Vuguvugu wote aliwatupa shimoni, hata wale ambao hawakuwa na harufu, nao walikaribia nusu kilo. Sajini alisimama mlangoni akitazama fedha zake zikizama, asiseme neno. Mkewe alifanya haki.

Hasara hiyo ingeweza kuzuiwa Kampala. Anayesafirisha kitu cha barafu na atafute sanduku la barafu lenye mfuniko, au boksi jeupe jepesi la aina wanayotumia wauza aiskrimu. Akikosa, magazeti yaliyokwisha kusomwa yafaa sana: karatasi nyingi zilizokunjwa pamoja huzuia joto, kama sweta la sajini lilivyozuia. Pakiti zote zikae pamoja, zikibanana, kwa maana kitu cha baridi kikiwa peke yake huyeyuka upesi kuliko viwili vilivyokumbatiana. Pembeni na juu yake huwekwa mifuko ya barafu iliyochanganywa na konzi ya chumvi ya mawe. Barafu yenye chumvi huyeyuka katika baridi iliyo kali kuliko ile ya barafu tupu, hivyo huiweka pakiti katika baridi zaidi; lakini maji yake yasigusane na chakula. Sanduku lisifunguliwe njiani ili kuwaonyesha abiria, na lisiwekwe karibu na injini.

Wala barafu si mgeni katika wilaya hii. Katika miaka ya 1950, pale Kasenyi kando ya Ziwa George, lilikuwako shirika lililojulikana kwa kifupi TUFMAC, likitayarisha samaki wa ziwa hilo kwa ajili ya masoko ya mbali. Reli nayo ilifika Kasese mwaka 1956, kwa ajili ya shaba ya Kilembe. Shirika hilo halipo tena. Lakini jambo lililojulikana wakati ule lingali kweli leo, kwamba samaki wa barafu ni mzuri iwapo tu baridi haikukatika tangu majini hadi jikoni.

Dukani pia yapo mambo ya kuangalia. Kwanza ni rangi. Kamba mbichi ni wa kijivu, au kijivu chenye buluu. Akiwa tayari mwekundu au waridi ndani ya pakiti, huyo amekwisha kupikwa kiwandani, na kumchoma upya ni kumfanya mpira. Yeye hupashwa moto kidogo tu. Pili, kamba wazuri wa barafu hutikisika ndani ya pakiti kama kokoto, kila mmoja peke yake. Pakiti ambayo kamba wake wameshikana donge moja, na pembeni pana bonge la barafu, mara nyingi ni pakiti iliyopata kuyeyuka ikagandishwa tena. Mabaka meupe yaliyokauka ni dalili kwamba baridi imenyonya maji ya nyama. Hayadhuru, lakini hayana ladha. Kichwa kikiwa cheusi si lazima iwe ameoza, maana gamba la kamba huweza kuingia weusi wenyewe kama tunda lililomenywa, ila pua ndiyo iamue. Kwa safari ndefu, heri kununua wasio na vichwa, kwa kuwa matumbo ya kamba yamo kichwani, na huko ndiko huanzia kuharibika.

Tarakimu zilizoandikwa juu ya pakiti huwasumbua wengi. Ikiandikwa 16/20, aghalabu maana yake ni kwamba ratili moja, yaani gramu 454, ina kamba kumi na sita hadi ishirini. Ikiandikwa 51/60, kamba hao ni wadogo, wafaao kwa mchuzi au pilau. Wa kuchoma na wawe wakubwa; wadogo hupenya katika nafasi za wavu na kuangukia makaa. Na hapa msomaji asichanganye kamba hao na wale wadogo mno wa Ziwa Victoria, ambao wataalamu huwaita Caridina nilotica. Hao ni chakula cha sangara wachanga, si cha wavu.

Kuyeyusha kwenyewe ndiko penye siri ya kuchoma. Njia iliyo bora ni kuwaacha kamba ndani ya friji usiku kucha, katika bakuli lenye chujio ili maji yao yatiririke chini. Asiye na friji, au asiye na umeme kama siku ile Bwera, huwafunga ndani ya mfuko usiopitisha maji, akauzamisha katika beseni la maji baridi na kubadilisha maji kila baada ya dakika kumi. Kilo moja huwa tayari kwa nusu saa hivi. Maji ya mtungi, au ya mto utokao mlimani, ndiyo mazuri. Maji ya moto hayafai kabisa: ngozi ya nje huanza kuiva hali ndani kungali barafu. Kuwaanika juani ni vibaya zaidi. Na wakishayeyuka hawangoji. Huchomwa saa ile ile.

Je, kamba aweza kwenda motoni akiwa na barafu yake? Aweza, na hapo ndipo anapomshinda samaki mkubwa. Ngege wa barafu akiwekwa motoni hivyo hivyo, ngozi huungua hali mfupa wa katikati ungali baridi. Yeye hana budi kuyeyushwa wote. Kamba ni mwembamba, joto humfikia kote upesi. Lakini yako masharti. Lazima wawe wametengana mmoja mmoja. Donge zima halichomeki. Huoshwa kwanza kwa maji baridi kwa dakika moja ili kuondoa lile ganda la barafu, kisha hufutwa kwa kitambaa safi. Huwekwa upande wa wavu usio na makaa chini yake, kwa dakika tatu au nne, ili watoe maji. Maji hayo humwagwa, kamba hufutwa tena, hupakwa mafuta na chumvi, ndipo husogezwa juu ya makaa makali. Mpishi akitia viungo mapema, vyote vitaoshwa na barafu inayoyeyuka. Upungufu wa njia hii ni mmoja: ule uzi mweusi wa mgongoni, ambao ni utumbo, hauwezi kutolewa kamba akiwa jiwe. Kwa hiyo wanaochomwa namna hii huchaguliwa wale ambao migongo yao imekwisha kupasuliwa kiwandani.

Mama wa nyumba alichagua maji baridi, kwa sababu nusu ya kamba wake walikuwa wamekwisha kulegea. Walipoyeyuka alichukua mkasi, akakata gamba la kila mmoja kufuata mgongo, akautoa ule uzi kwa ncha ya kisu, lakini gamba lenyewe akaliacha. Gamba ni ngao. Hulinda nyama isikauke na huongeza utamu. Mlaji atalimenya mwenyewe mezani. Kisha akawakausha, kwa kitambaa kimoja, halafu kingine. Wapishi wengi huiruka kazi hiyo, na ndiyo maana kamba wao hutokota badala ya kuchomeka. Kitu chenye maji hakibabuki.

Viungo havikuwa vingi, wala havihitaji kuwa vingi. Kwa nusu kilo ya kamba zatosha punje nne za kitunguu saumu zilizopondwa, tangawizi kiasi cha pingili ya kidole gumba, pilipili kwa kadiri ya walaji, chumvi nusu kijiko cha chai, na mafuta vijiko viwili vya mezani. Watu wa pwani wangependa tui la nazi, lakini nazi Bwera si kitu cha kila siku. Badala yake yako mawese, ambayo huletwa kutoka Kongo, ng'ambo tu ya mto Lhubiriha, kupitia soko la Mpondwe. Kijiko kimoja cha mawese kikichanganywa na kimoja cha mafuta meupe huwapa kamba rangi ya jua linalotua. Chumvi ya Katwe nayo hupendwa na wazee kwa kuchomea samaki; yafaa, ila haina madini-joto yanayotiwa katika chumvi ya pakiti, kwa hiyo isiwe ndiyo chumvi pekee ya nyumba yenye watoto na mama mjamzito. Limau lisitiwe mapema. Ukali wake huibana nyama kana kwamba imepikwa, na kamba akilala katika limau zaidi ya robo saa huwa mgumu. Limau hukamuliwa mwishoni.

Kabla ya kamba, lakini, alichomwa ngege. Wasabato, kwa kufuata vitabu vya Mambo ya Walawi na Kumbukumbu la Torati, hula viumbe wa majini wenye mapezi na magamba tu. Kamba, kaa, kambare na semutundu hawamo. Ukoko wa kamba huitwa gamba vilevile, lakini si magamba ya samaki. Mkwe mwenye adabu hamwekei mama wa mumewe chakula cha namna hiyo, wala hamchomei samaki wake juu ya wavu uliokwisha kupata mafuta ya kamba. Kwa hiyo ngege alitangulia, wavu ungali safi. Alikuwa ngege wa Katwe, mwenye urefu unaozidi inchi 11, ambacho ndicho kipimo cha chini kinachoruhusiwa na sheria ya Uganda. Familia ya askari, ambaye huenda kesho akatumwa kuisimamia sheria hiyo ziwani, isionekane sokoni ikinunua vifaranga vya samaki. Alikatwa mikato mitatu kila ubavu, akapakwa mafuta na chumvi, akachomwa dakika nane upande mmoja na nane upande wa pili. Mama alipoona anahudumiwa wa kwanza, alicheka, akaomba aonyeshwe hao wadudu wa mwanawe kabla hawajaungua. Aliwatazama kwa muda. "Nanyi mlikuwa mnakula hawa, na serikali inajua?" aliuliza.

Moto wa sigiri ulikuwa uani, na uani ndipo mahali pake. Wako akina mama katika nyumba za chumba kimoja, na katika vile vibanda vya bati vya kambi za polisi vilivyopewa jina la utani "mama ingia pole", ambao mvua ikinyesha huingiza jiko la makaa ndani na kufunga mlango. Makaa yanayowaka hutoa hewa yenye sumu, isiyo na rangi wala harufu. Mtu huhisi kichwa kizito, hulala, na asiamke. Hakuna chakula kinachostahili hatari hiyo. Vivyo hivyo makaa yasiwashwe kwa vipande vya plastiki. Moshi wake ni mbaya, na ladha yake huingia katika nyama.

Makaa huwa tayari yanapovikwa jivu jeupe na miali imekwisha. Mpishi akiweka kiganja shubiri moja juu ya wavu na kuweza kuhesabu polepole mpaka tatu tu kabla ya kukiondoa, joto ni sawa. Makaa husogezwa upande mmoja ili upande wa pili uwe wa kupumzishia. Wavu hufutwa kwa kipande cha kitunguu kilichochovywa mafuta, ili kamba wasigande. Wakitungwa katika vijiti, vijiti hivyo vilowekwe majini nusu saa, na kila mstari wa kamba upitishiwe vijiti viwili sambamba; kijiti kimoja huwafanya wazunguke ovyo mpishi anapotaka kuwageuza.

Halafu macho yasihame. Kamba wakubwa huhitaji dakika mbili hadi tatu kila upande, basi. Ndani ya gamba la kijivu imo rangi nyekundu iliyofungwa na protini. Joto likiivunja protini hiyo, wekundu hujitokeza. Lakini wekundu wa gamba peke yake hautoshi kuwa ushahidi, maana gamba hutangulia nyama. Dalili ya kweli ni nyama iliyo mgongoni, pale palipokatwa na mkasi: ikiacha kuwa kama kioo na kuwa nyeupe yote, kamba ameiva. Umbo nalo husema. Kamba aliyeiva vyema hujikunja kama mundu. Akijikunja mpaka kichwa kugusa mkia kama pete, amepita. Waliotoka moja kwa moja kwenye barafu huongezewa nusu ya muda.

Sajini, ambaye alikuwa ameshika koleo, alitaka kuwaacha waungue kidogo "kama mchomo wa mbuzi". Mkewe akawaondoa mikononi mwake. Mbuzi husamehe, kamba hasamehi.

Lilibaki jambo la watoto. Wapo watu ambao miili yao hukataa kamba, na hakuna ajijuaye mpaka ale. Kwa nyumba ambayo chakula hiki ni kigeni, busara ni kila mtu aanze na kamba mmoja, kisha angoje nusu saa hivi akila vingine. Midomo ikiwasha, vipele vikitoka, au tumbo likisokota, asile tena, wala asije akalazimishwa siku nyingine kwa kuambiwa kwamba anadeka. Midomo au ulimi ukivimba, au pumzi ikianza kubana, hapo si wakati wa maziwa wala dawa za jirani. Ni kukimbizwa hospitalini mara moja. Anayejua kwamba humdhuru asinywe hata mchuzi wake. Watoto wa sajini walipewa mmoja mmoja, wakakalishwa mkekani wakitazamana kama wafungwa wanaongoja hukumu. Wa kati alilamba gamba, akasema ni tamu kuliko nyama. Yule mdogo alikataa kabisa kwa sababu ya macho ya yule mnyama, akapewa mkia wa ngege wa bibi yake.

Kwa kuwa umeme haukurudi, hakuna kilichowekwa akiba. Maganda yaliyomenywa na vichwa vichache vilivyokuwapo vilitiwa katika sufuria pamoja na kitunguu na nyanya mbili, vikachemshwa dakika ishirini juu ya makaa yaliyosalia, vikachujwa. Supu hiyo ililiwa kwa obundu wa muhogo, na mke wa polisi, ambaye alikuwa amekuja kuona kama shauri lake lilifuatwa, alirudi kwake na bakuli lililofunikwa. Saa moja kasoro robo moto ulizimwa kwa majivu. Bibi alikuwa amekwisha kunawa mikono na kuingia ndani kuimba na wajukuu, na sajini akabaki uani peke yake, akikwangua wavu.